Siku Hii Ina Wenyewe

Liko neno moja ambalo kijana wa Kisumu hulisikia mapema, yamkini kabla hajajua kusoma sawasawa. Neno hilo husemwa kila mwaka ikaribiapo tarehe 12 Desemba. Redio hutangaza kuwa Sikukuu ya Jamhuri imewadia, kwamba gwaride limepangwa na Rais atalihutubia taifa. Hapo mzee mmoja wa nyumba, ameketi na gazeti lake au kikombe chake cha chai, husema kwa sauti ya chini: “Siku hii ina wenyewe.” Akishasema hivyo huanza mazungumzo mengine. Haelezi wenyewe hao ni akina nani, wala mtoto hathubutu kuuliza, maana sauti ile haikaribishi maswali.

Mimi nililisikia kwa baba yangu mdogo, katika nyumba iliyo karibu na soko la Kibuye, tena nililisikia mwaka baada ya mwaka. Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza nilikwenda nalo. Halikuwa na uzito katika sanduku, wala watu wa forodha hawakulitoza ushuru, lakini lilivuka bahari pamoja nami, na likanifanya nitende jambo ambalo nitakusimulia baadaye na ambalo hata sasa nalionea haya. Nataka kubishana nalo hapa mbele yako, msomaji, kwa sababu huenda kesho au keshokutwa nawe utakuwa mwanafunzi katika nchi ya watu, na tarehe 12 Desemba itakukuta huko. Utalazimika kuchagua. Utaketi chumbani mwako na vitabu vyako kama kwamba ni siku yoyote, au utasimama useme kuwa leo ni sikukuu ya kwetu? Nasema usimame. Lakini kwanza sharti tumsikilize mzee, maana neno la kijinga hujibiwa kwa kicheko, na hili si la kijinga.

Wazee wetu wana sababu. Siku ya Jumamosi, tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Nayo, ijapokuwa leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, wenyeji wengi wangali wakiiita Russia. Ilikuwa imepita miezi mitatu na ushei tu tangu Tom Mboya apigwe risasi mjini Nairobi, na pwani yote ya ziwa ilikuwa katika msiba. Rais na Odinga, ambaye alikuwa Makamu wake wa kwanza kisha akawa kiongozi wa upinzani, walirushiana maneno makali hadharani. Umati ulipaza sauti. Walinzi wakafyatua risasi. Watu walianguka, na watoto wa shule walikuwamo katika umati huo. Hesabu ya serikali na hesabu ya wenyeji hazikupatana siku zile, wala hazijapatana hata leo. Haikupita wiki moja chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku, naye akatiwa kizuizini. Wiki saba baada ya risasi zile ikafika tarehe 12 Desemba, na taifa likaitwa kushangilia.

Wala usidhani kuwa mambo hayo ni ya zamani za wazee peke yao. Mwezi wa Agosti 2017, baada ya uchaguzi, mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa na polisi nyumbani kwa wazazi wake mjini Kisumu, akafa. Na mwaka 2019 mahakama iliyochunguza kifo hicho ilisema polisi ndio wenye kosa. Basi mzee anaposema siku hii ina wenyewe, anasema hivi: mkono ule ule ulioshika bendera ndio uliotushikia bunduki, wanaotaka kushangilia na washangilie, bali sisi tuna makaburi ya kutazama. Nani atamwambia kuwa amekosa kulia? Mimi sitamwambia. Nakubali msiba wake. Hukumu yake naikataa.

Naikataa kwa sababu mzee amechanganya vitu viwili, sikukuu na jukwaa. Si kosa lake. Hapa nyumbani vitu hivyo viwili vimefungwa pamoja tangu mwanzo hata imekuwa vigumu kuona kimoja kinaishia wapi. Tangu utoto wetu sikukuu ya taifa ni mahema yenye viti vya wakubwa na jua la bure kwa wadogo. Ni magari meusi, ni askari waliosimama wima tangu alfajiri, ni hotuba ndefu iliyopigiwa makofi na watu walioandaliwa kuipigia. Tangu 2016 sherehe hizo zilianza kuzungushwa katika miji iliyo nje ya Nairobi, na tarehe 1 Juni 2021 Siku ya Madaraka ikaletwa Kisumu, katika uwanja mpya wa Mamboleo. Uwanja huo umepewa jina la Jomo Kenyatta. Sina ugomvi na nyasi zake wala na viti vyake, na mwezi wa Oktoba 2025 ndimo watu wa ziwa walimojaa kumuaga Raila Odinga. Lakini aliyeuchagulia mji huu jina hilo ama hakuisoma historia yake, au aliisoma sana.

Ndivyo jukwaa lilivyo. Sasa, kijana, litafakari jambo hili: jukwaa halipandi ndege. Utakapokuwa Manchester au Pune au Toronto, asubuhi ya tarehe 12 Desemba hapatakuwa na hema, wala askari, wala hotuba. Hakuna atakayekulazimisha kusimama. Hakuna hata atakayejua. Mwalimu wako ataingia darasani na kufundisha kama jana, basi litapita kwa saa yake, na aghalabu utakuwa na mtihani au insha ya kukabidhi, maana mwezi huo katika vyuo vya kaskazini ni mwezi wa kumaliza muhula. Siku yako itasimama mbele yako uchi, imevuliwa kila kitu ambacho serikali iliivika. Ndipo utakapoweza kuitazama na kuuliza, kwa mara ya kwanza bila kelele: hii ni siku ya nani?

Jibu la historia ni wazi kuliko wengi wetu tulivyofundishwa. Siku hii ilizaliwa ugenini. Kenya ya tarehe 12 Desemba 1963 ilijadiliwa katika jumba la Lancaster House, London, katika mikutano ya 1960, 1962 na 1963, na katika meza hizo waliketi Odinga na Mboya, watu wawili wa ziwa ambao hawakupendana sana lakini walitaka nchi moja. Kabla yao, mwaka 1951, Achieng Oneko, mtoto wa Uyoma, alikwenda London pamoja na Mbiyu Koinange kupeleka malalamiko ya Waafrika juu ya ardhi yao. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Oktoba, alikamatwa pamoja na Kenyatta, akashitakiwa naye Kapenguria. Siku hiyo ya kukamatwa kwao ikaitwa Siku ya Kenyatta kwa zaidi ya miaka arobaini, mpaka Katiba ya 2010 ilipoiita Siku ya Mashujaa. Siku ilikuwa ya wengi, jina likawa la mmoja. Na huo ndio wizi ambao mzee wangu anaulalamikia pasipo kuutaja. Lakini je, mtu akiibiwa ng'ombe husema ng'ombe hakuwa wake?

Tena watazame wanafunzi. Odinga alivuka mpaka kwenda kusoma Makerere katika miaka ya 1930, wakati sikukuu kubwa iliyojulikana shuleni ilikuwa ile ya Himaya ya Kiingereza, tarehe 24 Mei, ambapo watoto wa Kiafrika walipangwa mistari kuimbia taji la watu wengine. Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, alisoma Ruskin College, Oxford, mwaka 1955 na 1956, nchi yake ikiwa katika Hali ya Hatari. Hakuwa na sikukuu ya taifa ya kuadhimisha kwa sababu taifa lenyewe halikuwapo. Aliporudi alifanya kazi ya kulileta, na hakusahau kwamba wengine nao wangehitaji kusafiri. Mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege moja ya kukodi kwenda Marekani. Huko waliomba fedha kwa ajili yao Jackie Robinson mchezaji, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji. Mwaka uliofuata mfuko wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Huku nyumbani jamaa na majirani walichanga walichonacho. Kufikia 1963 waliokwisha safirishwa kutoka Afrika ya Mashariki walikuwa karibu 800. Barack Obama, baba yake yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, hakusafiri kwa ndege ile ya kwanza, bali alikwenda Hawaii mwaka uleule wa 1959 kwa msaada wa marafiki, akiwa Mwafrika wa kwanza kusoma katika chuo kikuu cha huko.

Basi usiku ule bendera ya Kiingereza iliposhushwa Nairobi na ya Kenya kupandishwa, mamia ya vijana wetu hawakuwapo. Obama wa Kogelo alikuwa Harvard. Raila Odinga, kijana wa miaka kumi na minane, alikuwa Ujerumani ya Mashariki, ambako alikuwa amekwenda mwaka mmoja kabla. Walikuwa katika vyumba vya baridi, mbali na ngoma, na siku ile haikuwa yao pungufu kwa sababu hiyo. Siku sita baadaye, tarehe 18 Desemba 1963, wanafunzi wa Kiafrika waliandamana katika Uwanja Mwekundu mjini Moscow baada ya mwenzao wa Ghana kukutwa amekufa, wakidai kuheshimiwa kama watu. Mtu aliye ugenini hujua haraka thamani ya kuwa na kwao, kwa kuwa huko hukumbushwa kila siku kwamba pale si kwao.

Na miaka sita baadaye, Desemba 1969, Raila alikuwa angali Ujerumani, mjini Magdeburg, akisomea uhandisi. Baba yake yumo kizuizini, na mji wao umetoka kupigwa risasi. Kama yuko mwanafunzi aliyekuwa na haki ya kulisema neno la mzee wangu, alikuwa yeye. Alirudi mwaka 1970, akaitumia karibu miaka yote iliyobaki akiigombania nchi hiyohiyo, mara nyingine kutoka gerezani. Watu waliipenda siasa yake au waliichukia, na mimi nimekuwa katika pande zote mbili kwa nyakati mbalimbali. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba aliiachia Kenya wenyewe.

Sasa nifike kwenye aibu yangu niliyokuahidi. Mwaka 2012 nilikuwa katika mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza, na tarehe 12 Desemba iliangukia Jumatano. Wakenya tuliojuana pale tulikuwa kumi na sita. Wangetosha kwa sufuria moja kubwa. Lakini siku ile zilipikwa sufuria tatu katika mitaa mitatu. Waluo tulikusanyika kwetu, Wakikuyu kwao, na waliosalia, yaani Mkamba mmoja, vijana wawili wa Mombasa na binti mmoja wa Wajir, walikwenda kwa Mmeru aliyekuwa na jiko zuri. Hakuna aliyepanga hivyo. Hakuna aliyemfukuza mwenziwe. Tulijigawa kama maji yanavyojigawa penye mawe, na mimi nilipoulizwa mbona hatuwaiti wale wengine, nilijibu kwa maneno niliyorithi. Nilisema: “Waacheni. Siku hii ina wenyewe.”

Chakula kilikuwa kizuri kwa kadiri ya ugeni. Unga tulioupata dukani ulikuwa wa njano na wa chengachenga, na ugali wake ulikataa kushikana. Lakini omena, yaani dagaa wa ziwa letu, walikuwapo, maana mama alinifungia katika mifuko mitatu ya nailoni, mfuko ndani ya mfuko, na hata hivyo harufu yao ilifika kabla ya sanduku. Tulikula, tukacheza benga, tukawacheka walio na sufuria nyingine. Kesho yake Mghana aliyekaa chumba cha pili aliniuliza kwa upole: “Jana niliona bendera yenu katika madirisha mawili ya mitaa miwili. Kumbe Kenya ni nchi mbili?” Nikamwambia si mbili. Alitaka kujua kwa nini basi, na nilimweleza habari za masafa na baridi na mabasi. Nilidanganya, naye alijua kuwa nimedanganya, na kwa adabu yake akaomba kikombe cha chai.

Nimekwambia haya ili uone kosa lilipo. Nilidhani kwamba kwa kuipuuza sikukuu nilikuwa nikilipiza kisasi cha Kisumu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikifanya kazi ya wale wale waliotuumiza, tena bila mshahara. Wanaotawala kwa kugawa watu hutumia fedha nyingi nyumbani kuwagawa. Ng'ambo tulijigawa bure, kwa gharama zetu wenyewe, na tukaita kitendo hicho kumbukumbu.

Mwaka uliofuata Kenya ilitimiza miaka 50. Binti yule wa Wajir, aliyekuwa akisomea uuguzi na aliyekuwa mfupi kuliko sisi sote na mwenye sauti kuliko sisi sote, alitujia mmoja mmoja na karatasi mkononi. Mwezi wa Mei mwaka ule Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuwa imekabidhi taarifa yake kwa Rais, nayo ilikuwa ndefu ajabu, na wengi wetu hatukuwa tumeifungua. Yeye alikuwa ameifungua. Alisema: “Tutapika sufuria moja. Kabla ya kula tutasoma. Na kila mtu atasoma msiba usio wake.”

Kulikuwa na ugomvi, na usimwamini atakayekwambia kuwa mambo kama hayo huenda kwa upole. Kijana mmoja wa Nyeri alisema sikukuu ni siku ya furaha na haifai kuchimbua makaburi. Mimi nilimwambia kuwa ni rahisi kusema hivyo kwa asiye na kaburi. Akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za Kiambaa. Nilikuwa nimezisikia, lakini kama mtu anavyosikia hoja ya mpinzani katika siasa, akitafuta mahali pa kuivunja. Binti wa Wajir hakusema neno. Alichukua karatasi iliyoandikwa Kiambaa akanipa mimi, na iliyoandikwa Kisumu akampa yeye.

Basi jioni ya Alhamisi, tarehe 12 Desemba 2013, mimi mtoto wa Kibuye nilisimama nikasoma jinsi kanisa lilivyochomwa Kiambaa, karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari 2008, likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto, nao walikuwa Wakikuyu. Nilisoma vibaya; nilirudia mstari mmoja mara mbili bila kujua. Kijana wa Nyeri alisoma habari za tarehe 25 Oktoba 1969. Alipofika penye watoto wa shule alinyamaza, akanywa maji, akaendelea. Kijana wa Mombasa alisoma habari za Wagalla, pale kiwanja cha ndege karibu na Wajir, ambapo mwezi wa Februari 1984 wanaume wa Kisomali walikusanywa na askari wa nchi yao wenyewe, wakafungiwa juani, na wengi wakauawa. Na binti wa Wajir, kutoka katika kitabu cha historia, alisoma habari za Hola, ambapo tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa na walinzi wa kikoloni mpaka wakafa. Kusoma kote hakukuchukua nusu saa. Kisha tukaimba wimbo wa taifa, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuuimba pasipo kuamriwa.

Hapa nataka nikwambie jambo juu ya wimbo huo, maana wako watu wa ziwani wanaosema na wenyewe si wetu. Sauti yake ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, watu wa Mto Tana. Miongoni mwa watano waliouandaa alikuwamo Washington Omondi, Mjaluo aliyekuja kuwa mwanachuoni wa muziki na kuandika juu ya nyatiti, zeze la kwetu. Ukiusikiliza tena ukijua hayo hutaweza kusema uliletwa na jukwaa.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Watasema aibu ya nyumbani haitolewi mbele ya wageni. Kwamba mwanafunzi ni balozi, na balozi huonyesha simba na milima na wakimbiaji hodari. Nami nauliza, wageni hao ni akina nani na hawajui nini? Waingereza wana makumbusho ya vita na makaburi yao katika kila mji, na kila mwaka, mwezi wa Novemba, hubandika ua jekundu kifuani kuwakumbuka wafu wao mbele ya ulimwengu mzima. Hakuna aliyewaambia wanajiaibisha. Mghana wangu alikuwapo jioni ile ya pili, tulimwalika, na hakuondoka akiwa na dharau. Aliondoka saa sita za usiku akiwa amekula sahani tatu.

Watasema pia kwamba kijana ametumwa kusoma, si kufanya karamu. Hili ni neno la wazazi, na nalijibu kwa heshima: saa tatu za jioni moja hazijamfelisha mtu. Kwa hakika sisi Wakenya hatuna haki ya kujifanya wabahili wa sikukuu. Obama mwana aliposhinda uchaguzi wa Marekani, serikali yetu ilifunga shule na ofisi tarehe 6 Novemba 2008, Kenya nzima ikapumzika kwa ajili ya kura zilizopigwa katika nchi ya watu, na hapo ziwani hakuna mzazi aliyesikika akilalamika kuwa masomo yamepotea.

Lakini wako wengine ambao sitawajibu kwa heshima, nao ni wale wanaokubaliana nami upesi mno. Kwao sikukuu ugenini ni pilau, nyama choma, bia, fulana yenye rangi za bendera na picha mia mbili za kuwatumia walio nyumbani wapate kuona wivu. Au husubiri mwaliko wa ubalozi, huazima suti, husimama ukumbini na glasi mkononi wakitafuta mkubwa wa kuzungumza naye, yaani wamelikosa jukwaa hata wakalifuata huko lilikojificha. Pilau si dhambi. Niliila nami, na nyingi. Ila mtu akila tu siku ya Jamhuri, amefanya ambalo angaliweza kulifanya siku yoyote mfukoni mwake palipo na fedha.

Wewe utakayekwenda, chukua omena, na uwafunge vizuri kuliko mama yangu. Tafuta Wakenya wote wa mji huo, hata yule usiyempenda, na hasa yule ambaye jina lake la ukoo linakufanya unyamaze. Chukua kurasa chache. Usichague msiba wa kwenu, huo utasomewa na mwingine, na utashangaa unavyosikika kwa sauti isiyo yako.

Jioni ile ya 2013, tulipokwisha kuosha vyombo, nilimpigia simu baba yangu mdogo. Kwetu kule ilikuwa saa moja. Kisumu ilikuwa saa nne za usiku, naye hakuwa amelala. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza kama baridi ni kali. Nikamwambia kuwa tumesherehekea siku ya Jamhuri. Alikaa kimya. Nikamwambia tulivyosoma, na nani alisoma habari za Kisumu, na kwao ni wapi.

“Wa Nyeri?” akauliza.

“Wa Nyeri, Baba.”

“Alisoma yote?”

“Yote.”

Nilisikia redio ikipunguzwa sauti upande wa pili. Baba yangu mdogo alikuwa mwanafunzi mwaka 1969, naye alikuwamo katika umati ule mbele ya hospitali. Hayo niliyajua, lakini kwa mama, si kwake. Akaniuliza kama ninayo kalamu. Kisha akanitajia jina la kijana waliyekuwa wakiketi dawati moja, akanitamkia herufi moja moja, polepole, na akanitaka nimsomee nilivyoliandika.